Kitanda Kilichorukwa

Binti wa jirani yangu hapa Kasikeu amelazwa wiki hii, na jana mama yake alikuja kuniuliza maswali. Ugonjwa ni ule ule wangu, kifua kikuu kilichoacha kifua kikaenda kukaa kwenye mifupa ya mgongo. Alitaka kujua msichana atatembea lini. Hilo silijui, na nilimwambia hivyo. Nilichoweza ni kumuuliza kama huko hospitalini kuna watu wa kumgeuza. Akaniuliza kumgeuza kufanya nini. Basi nimekaa chini niandike, kwa sababu kueleza haya yote kwa mdomo kunanichosha. Tena siku hizi kuna watu wanaopita mahospitalini na miradi ya kuboresha kazi ya manesi, halafu wanatuuliza sisi tuliowahi kulala huko kama miradi hiyo humsaidia mgonjwa au ni maneno tu. Mimi huwajibu kwamba inategemea unauliza kitanda gani.

Mimi ni Mama Mwikali. Niliugua miaka ya themanini, baada ya ukame ule uliotumalizia ng'ombe. Mgongo ulianza kuuma wakati wa kulima, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, hata mimi mwenyewe. Ni mwanamke gani wa huku ambaye mgongo haumuumi wakati wa kulima? Nilimeza vidonge vya dukani, nikachuliwa kwa mafuta, nikaombewa. Nilikonda hadi rinda langu la kanisani likawa la kufunga kwa mshipi. Siku moja nilikwenda mtoni kuchota maji, kwenye kisima tulichochimba mchangani, nikachuchumaa na kibuyu, nikashindwa kuinuka. Wenzangu walicheka wakidhani nawatania. Kisha wakaacha kucheka, wakanibeba.

Mume wangu, Mutisya, ni mwashi, na alikuwa mzee wa kanisa letu. Alinizungusha kwenye zahanati mbili tatu. Kote tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, kote tukapewa dawa ya kuchua. Mwishowe tukaamua nipelekwe Kitui, kwa sababu binti yetu Mwikali alikuwa ameolewa huko na mume wake alikuwa nesi katika hospitali kubwa. Jina la hospitali nitaliacha. Waliokuwapo wanaijua.

Hapo ndipo inabidi nieleze jambo moja, kwa sababu ndilo lililotaka kuniua, wala si kifua kikuu. Kwetu Wakamba kuna nthoni. Ni ile heshima na haya kati ya mama na mwanamume aliyemwoa binti yake. Mkwe wangu akinikuta njiani, mmoja wetu anaingia vichakani mwingine apite. Sikai naye chumba kimoja, sili mbele yake, silali nyumbani kwake, simtazami usoni, silitaji jina lake. Yeye vile vile. Tangu Mwikali aolewe nilikuwa nimemwona yule kijana kwa mbali, mgongo wake tu, akipotea nyuma ya ghala la mahindi. Nilikuwa nimeokoka miaka mingi, lakini nthoni yangu haikuwa imebatizwa.

Kwa hiyo nilipofika Kitui sikupitia kwa binti yangu hata kuoga. Nilitolewa kwenye gari nikalazwa kwenye benchi la hospitali, nikangoja. Nilingoja daktari, nikangoja picha ya mgongo, nikangoja picha ikauke, nikangoja kitanda. Mutisya alinishikilia kichwa mapajani mwake mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kufanya tangu anioe. Miguu yangu wakati huo ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nilikuwa naiona lakini haikunisikia.

Daktari alisema dawa ipo, na miguu huenda ikarudi, ila nitalala kwa miezi mingi bila kuketi. Sindano kila siku kwanza, halafu vidonge vya mwaka mzima na zaidi. Sindano zile ziliniachia mvumo masikioni ambao ninao hadi leo. Nikiambiwa nimekuwa mkaidi, sisikii, mimi hutaja sindano.

Wodi ya wanawake ilikuwa ndefu na ya mabati, yenye joto la kutosha kuivisha mkate. Kitanda changu kilikuwa kando ya dirisha. Jirani yangu wa upande wa pili alikuwa mwanamke mnene wa sauti, Syombua wa Tseikuru. Alikuwa amepanda mti kuwaangushia mbuzi maganda wakati wa ukame, tawi likakatika, mgongo wake ukavunjika. Miguu yake haikuwa na matumaini na alikuwa ameambiwa hivyo. Alikuwa amelala pale tangu kabla ya mvua, na alikuwa na vidonda vya kulala, viwili nyongani na kimoja mgongoni. Kidonda cha kulala kinatokea mtu akilalia mahali pamoja bila kugeuzwa. Nyama inakosa damu, inakufa, inaoza ungali hai. Wakati ule nusu ya wodi walikuwa navyo. Manesi walikuwa wachache na wagonjwa wengi, na harufu ilikuwa sehemu ya wodi, tuliizoea.

Halafu akaja Sista Zuhura. Alikuwa wa mjini Kitui, wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walitoka pwani, na aliongea Kiswahili cha kunyoosha na Kikamba cha sokoni. Alikabidhiwa wodi yetu, akaizunguka siku nzima akituinulia mashuka. Kesho yake akatutangazia. Kuanzia siku hiyo kila mgonjwa asiyeweza kujigeuza atageuzwa kila baada ya saa mbili, akae mkavu, anyweshwe maji, na mgongo wake utazamwe. Akasema ni mradi, na baada ya miezi kadhaa tutaona kama vidonda vimepungua au la.

"Miradi tumeona," Syombua alisema akiwa amelala kifudifudi. "Huja na gari, huenda na gari."

"Huu hauna gari, bibi," Sista akamjibu. "Huu una mikono tu."

Alitundika ringi kuukuu ya gari nje ya mlango iwe kengele, na ikigongwa manesi wawili walianza upande mmoja wa wodi hadi mwingine. Mmoja mabegani, mmoja nyongani, moja, mbili, unageuka. Saa mbili unatazama dirisha, saa mbili unatazama mlango. Hata mazungumzo yetu yakafuata hivyo. Mtu akianza hadithi wakati wa dirisha, wasikilizaji wake wa upande wa mlango walingoja kengele. Mimi, kwa ule mvumo wa masikio, nilikuwa nasikia kengele hata isipogongwa, na Syombua akanicheka kwamba mimi ndiye saa iliyoharibika.

Nasema kweli, ilifanya kazi. Kabla ya mvua za Novemba kidonda kimoja cha Syombua kilikuwa kimefunga. Harufu ilipungua hadi tukaanza kusikia harufu ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ikitoka jikoni, na tukaanza kulalamika kuhusu muthokoi. Mwanamke mmoja aliyeletwa akiwa kama gunia alitoka bila hata jeraha. Nilimwambia Mutisya alipokuja na ndizi kwamba nimeanguka mahali pazuri.

Lakini manesi walikuwa wale wale wachache. Sista aliomba wengine kutoka wodi nyingine, akapewa mmoja wa kufanya zamu ya mchana. Alikuwa hodari wa vidonda, ndiye aliyekuwa akiwasafisha wanaume upande wa pili. Alikuwa Kioko. Ndiye mume wa Mwikali. Leo naliandika jina hilo bila shida, lakini wakati ule hata moyoni nilimwita baba wa mtoto wa Mwikali.

Nilimjua kwa kikohozi. Alisimama mlangoni akakohoa, kama mtu mwenye adabu anavyokohoa kabla ya kuingia boma ambalo mama mkwe wake yumo, ili apate nafasi ya kujificha. Nijifiche wapi? Nilivuta blanketi nikajifunika kichwa. Wodi nzima ilinyamaza, maana karibu wote tulikuwa Wakamba na wote walielewa. Niliwasikia yeye na Nesi Kamene, msichana wa Mutito aliyefanya naye zamu, wakija kitanda hadi kitanda. Moja, mbili, geuka. Walipofika kwangu nyayo zilisimama.

"Hiki tuachie watu wa jioni," alisema polepole.

"Ni sawa," Kamene akajibu. "Huyo ni mama yako. Haiwezekani."

Wakapita. Na mimi chini ya blanketi nilishukuru. Syombua naye akasifu. "Huyo kijana amelelewa," alisema. "Wengine siku hizi wanaweza kukushika tu."

Nasikia baadaye kwamba siku hiyo hiyo alikwenda kwa Sista kuomba arudishwe kwa wanaume, na Sista akamwambia, "Humu ndani hakuna mkwe, Kioko. Kuna mgonjwa na kuna nesi." Hakubishana naye, kwa sababu yeye si mtu wa kubishana. Alirudi wodini, akaendelea kuwageuza wote na kuniruka mimi. Kamene hakuweza kunigeuza peke yake, maana mgongo wangu ulihitaji watu wawili usije ukajikunja. Na hakuna aliyesema. Hapana mtu aliyeona kwamba kuna kosa. Manesi wa mchana waliona ni heshima, wagonjwa waliona ni heshima, mimi niliona ni heshima. Watu wa jioni walinigeuza na kuona wekundu mgongoni, wakadhani wa mchana wameshauona. Kila siku, tangu chakula cha mchana mpaka jua lishuke, nililala mahali pamoja, blanketi kichwani, joto la mabati juu yangu.

Sikusikia maumivu. Huo ndio ubaya wa ugonjwa ule, pale panapooza ndipo pasipouma. Aliyejua kwanza ni Syombua.

"Mama Mwikali," aliniambia asubuhi moja, "kuna kitu kinaoza hapa, na leo si mimi."

Sista Zuhura alikuja mwenyewe akanifunua. Alitazama muda mrefu. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo aliwakataza manesi kulifanya. Aliuliza ilikuwaje, na Kamene akaanza kulia akamweleza. Sista hakupiga kelele. Alisema tu, "Nimewaponya wote, kidonda kipya nikapata kimoja, na ni cha mama mkwe wa nesi wangu." Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Wiki hiyo walikuja wageni kutoka Nairobi kuona mradi. Wodi ilipigwa deki mara mbili. Mimi nilisukumwa na kitanda changu hadi pembeni nyuma ya pazia la kukunja, na sikulaumu, ningefanya vile vile nyumbani kwangu wageni wakija. Nilisikia mgeni mmoja akiwauliza wagonjwa kama wanasaidika, nao wakasema ndiyo, wanasaidika sana. Walikuwa wanasema kweli. Nyuma ya pazia nami nilikuwa nanuka, na hiyo ilikuwa kweli pia.

Kidonda kiliendelea kwenda chini. Homa ikaingia. Daktari alimwambia Mutisya mbele yangu kwamba kikifika kwenye mfupa, habari ya miguu tuisahau, tuanze kufikiria habari ya uhai. Kinatakiwa kisafishwe kila siku na kukatwa nyama iliyokufa, na mtu anayejua kukata. Nesi mwingine aliyejua alikuwa amekwenda kujifungua. Alikuwa amebaki mmoja.

Basi vikaanza vita vya familia, nami nikiwa uwanja wake. Kwa desturi kuna njia. Mkwe akileta mbuzi na blanketi, mbuzi akachinjwa nyumbani kwa mama mkwe na wakala pande zote mbili, ile nthoni inalegezwa. Wanaweza kusalimiana, wanaweza kukaa pamoja. Baba yake Kioko alikuja hospitalini na kofia yake mkononi akasema mbuzi yupo, hata leo. Lakini nyumbani kwangu ni Kasikeu na mimi nilikuwa kwenye kitanda Kitui. Akauliza kama anaweza kuchinjwa pale nyuma ya jikoni. Sista Zuhura alimwambia kwamba anamheshimu sana, lakini mbuzi hataingia hospitalini.

Mutisya naye alikuwa na lake. "Sisi tumeokoka," alisema. "Mzee wa kanisa nikale mbuzi ya mila, wakristo watasema nini?"

"Basi mwambie aje anishike bila mbuzi," nilimwambia.

Hakutaka mbuzi na hakutaka nishikwe bila mbuzi. Alitaka nipone tu, na hiyo haikuwa mojawapo ya zile njia mbili. Walizungumza mchana wote chini ya ukuta wa maabara, sauti zao zikinifikia dirishani, wakaahirisha, wakarudi wiki iliyofuata, wakaahirisha tena. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba walipokuwa wakinijadili nilisinzia.

Aliyekata maneno ni Mwikali. Alikuwa na mtoto mgongoni na amekonda kuliko mimi, maana alikuwa akitoka kupika kwake anakuja kuniosha kwangu, kisha anarudi kwa mume ambaye usiku hakuwa analala. Alinifunua uso, akaniinamia.

"Mwaitu," alisema, ndivyo tunavyomwita mama, "unataka nikuzike kwa sababu ya haya?"

Nilitazama ukutani.

"Mume wangu hali chakula," akasema. "Anasema anakuua na hajakugusa. Kila siku anapita hapa. Nikae na nani sasa, mwaitu? Nikikupoteza, hiyo nyumba nitakaa ndani yake aje?"

Nilikuwa sijafikiria nyumba yake. Nilikuwa nimefikiria aibu yangu peke yangu, na kumbe nilikuwa nimewalalia wote wawili. Nilimwambia aende akamwambie aje, ila asinione. Mwikali akauliza atasafishaje asichokiona. Nikamwambia hilo si kazi yangu kulijua, yeye ndiye amesoma.

Kesho yake alileta shuka. Lilikuwa shuka jeupe kuukuu la kitandani mwao, na katikati lilikuwa na tundu la mviringo, limepindwa ukingo kwa uzi vizuri lisichanike. Kioko ndiye aliyemwambia akate wapi na kwa ukubwa gani. Kamene alikuwa amempimia kidonda kwa mdomo wa kikombe. Mwikali na Kamene walinigeuza nitazame dirisha, wakanifunika lile shuka kutoka shingoni hadi miguuni, wakalivuta mpaka tundu likakaa juu ya kidonda. Hakuna kingine kilichoonekana. Kichwa nikafunikwa kitambaa changu cha kanisani. Pazia likafungwa.

Nikasikia kikohozi.

Sitaki kudanganya mtu kwamba haikuwa aibu. Nililia pale chini ya kitambaa, na nilimwomba Mungu anichukue kabla hajafika. Sikusikia mkono ukinigusa, maana pale palikuwa pamekufa ganzi. Nilichosikia ni maji. Manesi wengine walikuwa wanamwaga maji ya chumvi yalivyotoka kwenye jagi, na hapa juu kwenye mbavu ambapo bado nilikuwa na hisia, yakichuruzika yalikuwa baridi ya kukata pumzi. Yeye aliyapasha moto kwanza. Yalichuruzika yakiwa vuguvugu. Hakusema neno, nami sikusema. Alipomaliza alimwambia Kamene, "Mwambie mama nimemaliza." Kamene, aliyesimama hapo hapo katikati yetu, akaniambia, "Mama, amemaliza." Nikasema, "Mwambie asante." Akamwambia.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Kila siku shuka, kikohozi, maji vuguvugu, na Kamene akibeba maneno ya watu wawili waliokuwa umbali wa mkono mmoja. Shuka Mwikali alilifua na kulianika kila siku, majirani zake wakamuuliza ni vazi la nani. Na kengele ikigongwa mchana, kitanda changu hakikurukwa tena. Sista aliwaita wagonjwa waliokuwa wameanza kutembea, na kina mama waliokuja kuona watu wao, akawafundisha kushika begani na nyongani. Wao wakaigeuza kuwa mwethya, kama tunavyolimiana mashamba kwa zamu. Walinigeuza wakiimba, kwa sauti ndogo maana Sista hakupenda nyimbo. Wengine sikuwajua majina na wala sitawajua.

Mvua zilikuja na kupita. Nyama ilianza kujaa kutoka chini, nyekundu, na Kamene aliniletea habari zake kila siku kama barua. Halafu siku moja, baada ya Krismasi, maji yale vuguvugu yalipopita chini kabisa mgongoni niliyasikia. Nilisema kwa sauti, "Ni moto." Nyuma yangu mikono ilisimama. Sikujua kama alikuwa anacheka au analia, maana sikumwona. Kisha akamwambia Kamene, "Muulize kidole cha mguu." Kamene akaniuliza. Kidole kilicheza, kidogo tu, kile kikubwa cha kushoto.

Syombua aliondoka kabla yangu. Vidonda vyake vyote vilikuwa vimefunga. Wanawe walikuja kumchukua kwa Landrova ya kuazima, wakambeba, maana miguu haikurudi wala hakuna mradi ungeirudisha. "Sitembei," aliniambia, "lakini narudi na ngozi yangu yote. Wengi hapa walirudi bila." Niliahidi kumtembelea. Tseikuru ni mbali na mgongo wangu haupendi magari. Sijui kama huko nyumbani kuna mtu aliyegonga kengele.

Na Sista Zuhura alihamishwa. Hakufanya kosa. Alihamishwa tu, kama watu wa serikali wanavyohamishwa. Aliyefuata alisema ringi ile inasumbua wagonjwa, ikateremshwa. Kwa wiki kadhaa watu waligeuzwa kwa mazoea, kisha mara moja moja, kisha anayelalamika tu. Nilikuwa naanza kuketi wakati huo, na mikono yangu ilikuwa mizima. Niliwageuza wawili wa karibu, nikikumbuka dirisha na mlango. Nilipotoka niliwaacha. Kwa hiyo ukiniuliza kama ule mradi ulituponya, nitakujibu ndiyo, na nitakujibu pia kwamba uliisha siku walipotoa mikono. Ngozi ya mtu haijui kwamba mwaka jana kulikuwa na mpango mzuri.

Nilirudi Kasikeu na mkongojo, nimepinda kidogo, na vidonge vya miezi iliyobaki kwenye kiondo. Sikuweza kulima msimu ule, nilikaa mlangoni nikisuka viondo. Mutisya alijifunza kupika ugali usio na madonge. Alijisifu kwa hilo kuliko kwa nyumba zote alizojenga.

Kioko alikuja baada ya mavuno. Mbuzi hakuwa na ulazima tena, mtu angeweza kusema. Lakini mimi ndiye niliyemtuma Mwikali amwambie amlete, kwa sababu sikutaka kubaki nimeshikwa na mtu ambaye siwezi kumpa kiti. Mutisya alizunguka boma siku mbili akifikiri. Mwishowe alisema ataombea ile nyama kwanza, na ikishaombewa ni nyama tu. Alikula vipande vingi kwa mtu mwenye mashaka.

Walifika mchana, baba yake mbele na mbuzi, Mwikali na mtoto nyuma, na blanketi jipya begani. Nilikuwa nimekaa mlangoni na mkongojo wangu. Nilisikia kikohozi langoni, kile kile. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kitambaa cha kichwa, nikaurudisha chini. Akaja, akasimama mbele yangu, macho chini, mwanamume mfupi mwenye mvi za mapema ambaye ningempita sokoni bila kumjua.

Alinyoosha mkono. Niliushika. Uso ule ulikuwa mgeni kwangu, lakini mkono ulikuwa wa vuguvugu, na huo niliujua.

"Mama," aliniuliza, bila Kamene katikati, "mgongo unaendelea aje?"

"Unaendelea vizuri," nikasema. "Karibu ndani, Kioko."